Ishara na kelele: msomaji alijipa uhuru kiasi gani?

Mwaka 1916 kijana mmoja aliyesomea fasihi ya Kiingereza, Elizebeth Smith, aliajiriwa Riverbank, kituo binafsi cha utafiti kilichokuwa Geneva, jimbo la Illinois nchini Marekani. Kazi yake ilikuwa kumsaidia Elizabeth Wells Gallup, mama mtu mzima aliyekuwa ametumia miaka mingi akiinamia kurasa za toleo la mwaka 1623 la tamthilia za Shakespeare, kioo cha kukuzia mkononi. Gallup aliamini kwamba herufi za mlazo katika kurasa hizo zilikuwa na maumbo mawili yanayokaribiana mno, na kwamba Francis Bacon, mwanafalsafa Mwingereza wa zama hizo, aliyatumia kuficha habari za maisha yake.

Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Bacon mwenyewe aliwahi kueleza mbinu ya namna hiyo. Kila herufi ya ujumbe wa siri inageuzwa kuwa mfuatano wa alama tano, na kila alama ni a au b. Mifuatano ya aina hiyo iko 32, inayotosha alfabeti nzima na kubaki. Ukiwa na seti mbili za herufi za risasi, yaani vipande vya madini vya kuchapia, moja ikisimama badala ya a na nyingine badala ya b, unaweza kuchapa maandishi yoyote yakabeba mgongoni ujumbe mwingine kabisa. Msomaji ana kazi moja tu, kutazama kila herufi na kuamua ni ya seti ipi.

Shida ilikuwa hapo kwenye kuamua. Gallup alisoma sentensi nzima. Wasaidizi wake, wakipewa ukurasa uleule na kanuni ileile, hawakupata kitu kinachoeleweka mpaka yeye awaonyeshe kwamba herufi hii wameiona vibaya, ile nyingine nayo pia. Elizebeth alianza kutilia shaka. Aliolewa na William Friedman, mwenzake wa hapohapo Riverbank, na wote wawili wakaja kuwa miongoni mwa wafumbuzi wakubwa wa maandishi ya siri katika karne ya 20. Mwaka 1957 walichapisha kitabu kizima kuhusu madai ya kwamba tamthilia za Shakespeare zimefichwa maneno ya mtu mwingine. Hukumu yao ilikuwa kwamba hakuna hata moja lililosimama.

Herufi za kurasa zile zilikuwa na tofauti za kweli. Wachapaji wa wakati huo walichanganya herufi za risasi mpya na zilizochakaa, karatasi ilichapwa ikiwa mbichi, na wino ulitambaa ulivyotaka. Kwa hiyo Gallup hakuona mambo yasiyokuwepo. Aliona tofauti halisi zisizokuwa na kauli ndani yake, akazipa kauli yeye mwenyewe, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Akina Friedman hawakuwahi kumshuku kwa ulaghai.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaondoa dhana inayotupoteza wengi, kwamba ishara ni kitu na kelele ni ukosefu wa kitu. Kelele ni kitu pia. Ina umbo, ina chanzo, na mara nyingi ina uzuri wake. Anayetafuta maana hawezi kuitambua ishara kwa jinsi inavyomvutia macho. Swali linalosaidia, nami nadhani ndilo linalozaa mengine yote, ni hili: wakati wa kutafuta, msomaji alijipa uhuru kiasi gani? Kama angeweza kupata jibu lolote alilotaka, basi jibu alilopata halisemi chochote kuhusu maandishi. Linasema habari zake yeye.

Akina Friedman waliweka kipimo kinachotokana na swali hilo. Watu wawili wasiowasiliana, wakipewa maandishi yaleyale na ufunguo uleule, lazima wafike kwenye ujumbe uleule. Ufunguo unaohitaji mwenyewe awe karibu kuurekebisha kila mstari si ufunguo.

Uhuru huo hujificha. Mwaka 1994 jarida la takwimu liitwalo Statistical Science lilichapisha makala ya Waisraeli watatu waliodai kwamba katika Kitabu cha Mwanzo cha Kiebrania, ukiruka herufi kwa hatua zilizo sawa, utakuta majina ya marabi mashuhuri yakiwa karibu na tarehe zao za kuzaliwa au kufa, kwa kiasi ambacho nasibu haiwezi kukieleza. Hesabu zilionekana safi. Ilichukua miaka mitano kabla jarida hilohilo halijachapisha jibu la Brendan McKay na wenzake. Walionyesha kwamba uhuru ulikuwa umejificha katika orodha ya majina. Rabi mmoja aliweza kuitwa kwa majina na lakabu kadhaa, na tahajia zake nazo ni nyingi, hivyo aliyechagua orodha alikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua bila hata kujitambua. Walipojipa uhuru kama huo na kuchagua lakabu kwa namna yao, walipata matokeo ya kustaajabisha vilevile katika tafsiri ya Kiebrania ya riwaya ya Tolstoy. McKay pia aliichukua riwaya ya Moby Dick ya mwaka 1851 na kuonyesha ndani yake "utabiri" wa kuuawa kwa Lincoln, Indira Gandhi na Martin Luther King.

Mtego wa aina hiyo umo hata maabara. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki wa aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya kupiga picha za utendaji wa ubongo, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" hisia za watu hao. Mashine hugawa ubongo katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande hupimwa peke yake. Bila kufanya sahihisho la kitakwimu linalotakiwa mtu anapopima mara nyingi kiasi hicho, sehemu chache za ubongo wa samaki zilionekana "kuitikia". Sahihisho lilipofanywa zikatoweka. Ukiuliza maswali maelfu, baadhi yatajibiwa ndiyo hata na maiti.

Nasibu haipendi usawa

Huwezi kusema kwamba mpangilio fulani umezidi nasibu kama hujui nasibu peke yake huzaa nini. Hapa ndipo silika zetu zinatudanganya kuliko mahali pengine popote. Tunadhani vitu vikitawanyika bila mpango vitaachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Havifanyi hivyo. Hurundikana huku na kuacha mapengo kule.

Mwaka 1944 Ujerumani ilianza kuishambulia London kwa mabomu ya V-1 yaliyojirusha yenyewe. Watu walipotazama yalikoangukia, waliona mafungu. Mitaa fulani ilipigwa tena na tena huku jirani zake zikisalimika. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba adui analenga shabaha, na kwamba anayejua kuusoma mpangilio atajua pa kukimbilia. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alichapisha uchambuzi mfupi ambao hadi leo ni wa kupigiwa mfano. Alichukua eneo la kusini mwa London, akaligawa katika miraba 576, kila mmoja wa robo kilomita ya mraba, akahesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo. Kisha akauliza: kama mabomu haya yangedondoka ovyo kabisa, miraba mingapi isingepigwa, mingapi ingepigwa mara moja, mara mbili, na kuendelea?

Hesabu ilitabiri kwamba miraba kama 227 isingepigwa, na kweli ilikuwa 229. Ya kupigwa mara moja ilitabiriwa 211, ikawa 211. Mara mbili ilitabiriwa 99 hivi, ikawa 93. Mara tatu 31, ikawa 35. Mara nne 7, ikawa 7. Mafungu yale yalikuwepo, ila nasibu ingeyazaa yenyewe, karibu kwa idadi ileile. Kama miraba yote ingepigwa bomu mojamoja kwa usawa, hapo ndipo Clarke angekuwa na sababu ya kushuku mkono wa mtu.

Napenda namna Clarke alivyokwenda. Hakuanza kwa kuutazama mpangilio na kujiuliza unamaanisha nini. Alianza kwa kujenga ulimwengu usio na maana yoyote, akaona unafananaje, ndipo akaulinganisha na ulimwengu alionao.

Lugha inavyojilinda

Upande wa pili wa jambo ni jinsi ishara yenyewe inavyoundwa ili ipenye katikati ya kelele. Claude Shannon, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani, aliweka msingi wa elimu hii mwaka 1948. Moja ya mambo aliyoyaweka wazi ni thamani ya ziada, yaani sehemu ya ujumbe ambayo ungeweza kuikisia hata kama isingetumwa. Kwa Kiingereza alikadiria ziada hiyo kuwa karibu nusu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji hesabu kuliona hili. Sema: "Vitabu vyangu vyote vizuri vimepotea." Habari ya kwamba tunazungumzia wingi wa ngeli ile imetajwa mara tano ndani ya maneno matano. Simu ikikwaruza na kumeza silabi ya kwanza, maneno manne yaliyobaki yatairudisha. Upatanisho wa kisarufi, unaowatoa jasho wanaojifunza lugha yetu ukubwani, ni bima dhidi ya kelele. Linganisha na namba ya simu. Tarakimu moja ikipotea, zilizobaki hazina la kukuambia, kwa kuwa hakuna inayomtegemea mwenzake. Ndiyo maana tarakimu ya mwisho ya kadi ya benki haiitambulishi akaunti. Hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, na kazi yake ni kushitaki pale mmoja wao anapokosewa.

Lakini ziada hiyohiyo inayotuokoa ndiyo inayotufanya tusikie kisichosemwa. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alirekodi sentensi, akaifuta kabisa sauti moja katikati ya neno na kuweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walisema neno limetimia. Walikisikia kikohozi, lakini walishindwa kuonyesha kilitokea wapi hasa. Ubongo ulikuwa umeziba pengo na kufuta alama za ukarabati. Kwa hiyo kusema "mimi nimelisikia kwa masikio yangu" ni ushahidi wenye mipaka. Tunachosikia ni mchanganyiko wa kilichofika na tulichokitarajia. Kelele zikizidi, sehemu ya matarajio hukua, na sisi hatuhisi tofauti yoyote.

Kizingiti

Askari aliyekaa mbele ya kioo cha rada wakati wa Vita Kuu ya Pili aliona madoa. Mengine yalikuwa ndege za adui, mengine mawingu ya mvua, mengine makundi ya ndege. Kiswahili kina neno moja kwa vyote viwili, na kinachotutofautishia ni kiambishi tu: ndege inaruka, ndege anaruka. Rada haina kiambishi. Askari alipaswa kuamua, na mbele yake yalikuwepo makosa mawili, si moja. Angeweza kupiga king'ora bure, au kunyamaza wakati adui yuko njiani.

Nadharia iliyokuja kuelezea hali hiyo katika miaka ya 1950 inatenganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. La kwanza ni uwezo wa kutofautisha, yaani kifaa na jicho vinaweza kuachanisha ishara na kelele kwa kiwango gani. La pili ni kizingiti, yaani doa linatakiwa liwe na nguvu kiasi gani ndipo useme "naam". Kizingiti ukikishusha, utakamata ndege nyingi zaidi na kupiga ving'ora vya bure vingi zaidi. Ukikipandisha, utapunguza ving'ora vya bure na kukosa baadhi ya ndege. Ukiwa na uwezo uleule, huwezi kupunguza makosa yote mawili kwa pamoja. Anayejisifu kwamba hakuna ishara inayompita anatuambia alikoweka kizingiti chake tu.

Pa kukiweka panategemea gharama ya kila kosa, na panategemea pia jambo linalosahaulika mno: ishara yenyewe ni adimu kiasi gani. Chukua mfano wa kubuni. Katika watu 10,000, kumi wana ugonjwa fulani. Kipimo chetu kinawanasa wote kumi, na kwa walio wazima kinakosea mara 5 tu katika kila 100. Kinasikika kama kipimo kizuri. Lakini 5 kwa 100 ya wazima 9,990 ni kama watu 500. Jumla ya watakaoambiwa wanao ni 510, na wenye ugonjwa kweli ni kumi, yaani wawili hivi katika kila mia. Kipimo hakijaharibika. Kelele ina watu wengi tu kuliko ishara. Ndiyo maana dai la jambo adimu linahitaji ushahidi mzito kuliko dai la jambo la kila siku, na ndiyo maana wanafizikia, kabla ya kutangaza chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012, walisubiri mpaka uwezekano wa kelele peke yake kutoa matokeo yale uwe chini ya mmoja katika milioni.

Njia ya uhakika ya kuongeza uwezo wa kutofautisha ni kurudia. Ishara ikirudi huja na umbo lilelile, kelele kila mara huja na lake. Ukijumlisha vipimo 100 na kutafuta wastani, kelele ya nasibu hupungua mara kumi huku ishara ikibaki ilivyo. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya redio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilinasa mawimbi makali ajabu yaliyodumu kwa sekunde 72, na Jerry Ehman akaandika pembeni mwa karatasi neno la mshangao, "Wow!". Yametafutwa mara nyingi tangu wakati huo na hayajaonekana tena. Sekunde 72 zilizotokea mara moja hazithibitishi wala hazikanushi, na mtu mwaminifu anaziacha hapo.

Takataka ya nani?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kelele inajulikana na inangoja kuondolewa. Mara nyingine kelele ndiyo habari yenyewe, na tunaiita kelele kwa sababu hatukuwa na swali lake.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, New Jersey, wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe. Kila walipoielekeza, ilitoa mvumo wa ziada wa nyuzi kama 3.5 za kelvini. Walipekua nyaya na viungo vyote, wakawafukuza njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani na kusafisha kinyesi chao. Mvumo ulibaki. Haukubadilika mchana wala usiku, wala majira ya mwaka yalipobadilika, wala antena ilipogeuzwa upande mwingine. Mwishowe walikuja kujua kwamba wanafizikia wa Princeton, karibu na pale, walikuwa wakijiandaa kuutafuta mvumo kama huohuo, kwa kuwa hesabu zilionyesha ulimwengu ulioanza ukiwa moto mkali ungepaswa kuuacha nyuma yake. Penzias na Wilson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kilichowafikisha pale ni kuondoa vyanzo kimoja baada ya kingine, na kukataa kukipa jina kilichobaki kabla hawajapata sababu.

Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge mwaka 1967, akisoma kwa macho karibu mita 30 za karatasi za chati kila siku. Aliona mkwaruzo mdogo usiofanana na nyota za redio alizozizoea wala na usumbufu wa mitambo ya binadamu. Hakuuruka. Aliposoma chati kwa majuma, aligundua kwamba mkwaruzo unafuata saa ya nyota. Nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56, si 24. Magari, viwanda na ratiba za watu hufuata jua. Kitu kinachowahi kwa dakika nne kila siku hakitoki katika shughuli za watu wa kawaida. Chati zilipoendeshwa kwa kasi zaidi, mkwaruzo ulifunguka ukawa mapigo yaliyotengana kwa sekunde 1.337, kwa usahihi wa kutisha. Kwa muda mfupi kikundi chao kilijadili hata uwezekano wa viumbe wengine. Bell alipopata chanzo cha pili, upande tofauti kabisa wa anga, wazo hilo likafa, maana viumbe wa pande mbili zisizohusiana wasingechagua kupiga honi kwa namna moja. Ndivyo nyota zinazoitwa pulsa zilivyogunduliwa.

Saa hiyohiyo ikisomwa kinyume hufichua kelele. Darubini ya Parkes nchini Australia ilikuwa ikinasa milipuko mifupi ya redio iliyofanana mno na mingine ya kweli inayotoka mbali sana angani. Lakini hii ilitokea katika miale yote 13 ya kipokezi kwa wakati mmoja, jambo linaloonyesha chanzo kilicho karibu, na ilipenda saa za kazi, hasa karibu na mchana. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake waliufikia mwisho wa uzi: tanuri la maikrowevu kituoni hapo. Mtu akifungua mlango kabla halijamaliza kupasha moto, hutoa mlipuko ule. Kwa miaka mingi milipuko hiyo iliwapa wengi shaka hata juu ya ile ya kweli. Kilichoitenganisha haikuwa sura yake, maana sura zilifanana. Ni ratiba yake.

Maandishi yanayoweza kukukatalia

Turudi kwenye usomaji, tulikoanzia. Kama Gallup alipotea, nani hakupotea, na kwa nini?

Jibu mojawapo ni urefu wa maandishi. Shannon alionyesha kwamba kila aina ya fumbo ina kiasi cha chini cha maandishi ambacho, kabla hakijafikiwa, majibu mengi tofauti yanakubalika sawasawa. Kwa fumbo la kubadilisha herufi moja kwa nyingine katika Kiingereza, kiasi hicho ni herufi 25 hadi 30 hivi. Chini ya hapo, hata ukipata sentensi nzuri huwezi kujua kama ndiyo. Diski ya udongo iliyopatikana Phaistos, kisiwani Krete, mwaka 1908, ina alama 45 tofauti zilizogongwa jumla ya mara zaidi kidogo ya 240, katika lugha isiyojulikana na mwandiko usiojulikana. Watu wameisoma kama sala, kama kalenda, kama hadithi. Sidhani wote hao ni wajinga. Diski ni fupi mno kuweza kumkatalia yeyote.

Kisiwa hichohicho kilitoa mwandiko mwingine, Linear B, ulioanza kufukuliwa Knossos na Arthur Evans mwaka 1900. Huo ulikuwa na vibao vingi. Alice Kober, mwalimu wa chuo huko Brooklyn, aliufanyia kazi kwa namna ninayoiheshimu sana. Alikataa kabisa kukisia sauti ya alama hata moja. Alihesabu tu ni alama gani hufuatana na gani, mwanzoni mwa neno au mwishoni, akizitunza habari hizo katika makumi ya maelfu ya vikadi vilivyokatwa kutoka karatasi yoyote aliyoipata. Hivyo alionyesha kwamba mizizi ya maneno fulani hubaki huku miisho ikibadilika, dalili ya lugha yenye unyambulishaji. Alijinyima uhuru kwa makusudi. Alifariki mwaka 1950 bila kuona mwisho wake.

Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, aliendelea na njia hiyo. Kwa miaka mingi aliamini lugha iliyofichwa humo ni ndugu wa Kietruski, lugha ya kale ya Italia. Mwaka 1952, alipojaribu kuingiza majina ya miji ya Krete katika jedwali lake la alama na sauti zake, maneno yaliyoanza kujitokeza yalikuwa ya Kigiriki, lugha ambayo hakuitaka wala kuitarajia. Hapo ndipo tofauti yake na Gallup inaonekana wazi. Gallup alipata alichokuwa akikitafuta. Ventris alipingwa na vibao vyake mwenyewe, naye akakubali kushindwa.

Hata hivyo wapo waliosema kwamba kwa kanuni zake za tahajia, zilizoruhusu herufi kadhaa kudondoshwa, mtu angeweza kupata Kigiriki popote. Lilikuwa pingamizi la haki, kwa kuwa uhuru ule ulikuwepo. Lisingejibiwa kwa mabishano. Lilihitaji maandishi ambayo Ventris hakuwahi kuyaona.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia Carl Blegen alimwandikia Ventris kuhusu kibao alichokifukua Pylos, Ugiriki, mwaka uliotangulia na kukisafisha baadaye. Kibao kilikuwa orodha ya vyombo, na kando ya maneno mwandishi wa kale alichora kila chombo. Blegen alizisoma alama kwa kutumia jedwali la Ventris. Penye mchoro wa chombo cha miguu mitatu alipata ti-ri-po, na palipohesabiwa viwili, ti-ri-po-de, umbo ambalo Kigiriki hulitumia kwa vitu viwili hasa. Penye mtungi wenye mikono minne palisomeka qe-to-ro-we, wa masikio manne. Penye mikono mitatu, ti-ri-o-we. Na penye mtungi mdogo uliochorwa bila mkono hata mmoja palisomeka a-no-we, usio na sikio.